Nilinunua Kadi ya Mwaka, Wakanipa Pole

Nilipewa pole asubuhi, kwenye mstari wa basi, mbele ya watu, na wala sikuwa nimefiwa.

Nilikuwa nimesimama kituoni, chini kidogo ya kwetu Nyakabanda, hapa Kigali, nimevaa koti langu zuri, futi ya kupimia iko mfukoni, nangoja basi niende Kimihurura kupima geti la mteja. Gari moja kubwa jeupe likapunguza mwendo, likasimama mahali ambapo hairuhusiwi kusimama, kioo kikashuka. Ndani alikuwa bamwana wangu. Huku kwetu bamwana ni mzazi mwenzako, yule ambaye mtoto wake anaoana na wako. Huyu hakuwa baba mzazi wa kijana anayemuoa binti yangu. Alikuwa kaka wa marehemu baba yake, ndiye aliyemlea, ndiye aliyekuja kuposa, ndiye mwenye neno la mwisho upande wao. Anauza matairi. Posa tulishaipokea, siku ya harusi tulishakubaliana, mchele ulikuwa umeshaagizwa.

"Bamwana!" akaita. "Gari iko wapi? Iko garaji?"

"Gari nimeuza."

"Umeuza?" Akanitazama mimi, akatazama mstari, akatazama viatu vyangu. "Yote?"

Hebu niambie wewe unayesoma, kuna mtu anauza nusu ya gari?

"Yote. Nimenunua kadi ya basi. Ya mwaka mzima."

Hapo akashusha sauti, ile sauti ya watu wanaoingia kwenye nyumba yenye msiba. "Pole sana, bamwana. Pole sana. Mungu atafungua mlango mwingine." Kioo kikapanda, gari likaondoka.

Mama aliyekuwa mbele yangu kwenye mstari akageuka. Hanijui, simjui. Akaniambia, "Pole, mzee. Hata sisi tulikuwa nayo."

Nilipanda basi lile nikiwa na hasira, na mpaka leo ninapoandika haya hasira hiyo haijashuka kituo chochote.

Mimi si mtu wa kupewa pole. Shule niliiacha kabla sijajua kugawanya vizuri, na sikumwomba mtu anigawie. Nilianza kwa kuokota vipande vya chuma mtaa wa Gitega, navipeleka kwa mafundi, nabaki palepale kutazama wanavyochomelea, mpaka macho yakawa mekundu kama ya mgonjwa. Nikaomba nishike mkono wa mashine. Nikashika. Leo ukipita kwenye vilima vya mji huu, mageti mengi mazuri unayoyaona, yale yenye maua ya chuma juu na mlango mdogo pembeni wa mtu kupita, ni yangu. Wapo wanaoiga. Waache waige. Bawaba ya geti langu hailii, hata mvua ipige mwaka mzima. Nina karakana, nina mafundi wanaokula kwa mikono yangu, nina nyumba ya matofali ya kuchoma, na yote hayo hakuna mjomba wala shangazi aliyenishika mkono.

Na gari nililinunua mwenyewe, na mwenyewe nikaliuza. Sasa kosa liko wapi?

Watu wa mji huu wanadhani gari ni cheti cha daktari kinachosema huyu mtu ni mzima. Hawajui gari linavyomla mwenye nalo. Langu lilikuwa zee, lilikuwa linakunywa mafuta kama harusi inavyokunywa soda. Kila mwezi fundi wa garaji ananipigia kuniambia kitu kipya kimekufa ndani yake, kwa furaha, kama mtu anayetangaza uzazi. Kamera za barabarani zinanipiga picha kuliko nilivyopigwa picha siku ya ndoa yangu. Na hayo bado si kitu. Gari la mtu mmoja mtaani kwetu si la mtu mmoja. Mjamzito akishikwa na uchungu, wanagonga kwangu. Mgonjwa, kwangu. Maiti anatoka hospitali, kwangu. Bibi harusi, kwangu, na wakirudisha, viti vimejaa maua ya karatasi na pilau. Sikatai kusaidia. Lakini ukiwa na gari, unakuwa dereva wa watu ambao hata jina lako la pili hawalijui.

Basi kampuni moja ya mabasi inayopita njia zetu ikaanza kuuza kadi ya mwaka. Unalipa mara moja, unagusa mashine mlangoni, unapanda, mwaka mzima, hakuna anayekuuliza. Siku niliyosikia habari hiyo nilikuwa garaji, nimekaa juu ya tairi, nangoja gari langu tangu asubuhi. Nilinyanyuka palepale, nikamwambia fundi, "Kama unamjua mnunuzi, mlete."

Mke wangu alipoona kadi aliigeuza pande zote mbili. "Hii ndiyo gari?" akauliza.

"Hii ni bora kuliko gari."

"Nitavitundika wapi vitambaa vya viti?" Akacheka mpaka akakaa chini. Yeye hucheka kwanza, halafu hukasirika baadaye, polepole, akiwa na sababu zote mkononi.

Nataka niseme faida ya kadi ile, kwa sababu wenye magari hawaijui, na wenye kulipa nauli kila safari nao hawaijui. Faida si kwamba unatumia kidogo. Hiyo ni faida ya watu wanaohesabu. Faida ni kwamba unashuka.

Ukilipa nauli kila safari, ukishapanda umefungwa. Ukishuka njiani umetupa nauli, maana utalipa tena. Mwenye gari naye amefungwa, macho yake yako kwenye taa za breki za aliye mbele. Mimi mwenye kadi ya mwaka nakaa dirishani. Basi liko juu. Kutoka kwenye gari langu nilikuwa naona kuta tu. Kutoka kwenye basi naona ndani ya nyua. Naona nyumba inayopauliwa. Naona nyumba iliyokwisha kupauliwa, madirisha yametiwa vioo, lakini mlangoni kwenye uzio wamesimamisha mabati mawili yamefungwa kwa waya. Unajua maana ya mabati mawili yaliyofungwa kwa waya? Ni mtu anayetafuta geti na hajajua bado kwamba ananitafuta mimi. Kituo kinachofuata nashuka. Napiga hodi. Nikimaliza nagusa kadi kwenye basi jingine, naendelea na safari yangu kama vile sikusimama.

Siku moja kule Kimihurura nilimkuta mama mmoja Mkenya, mwenye nyumba ya ghorofa, anagombana na mabati yake kwenye upepo. Nikamwambia, "Mama, nyumba ya namna hii kuifunga kwa waya ni kuivalisha suti bila suruali."

Akacheka. "Na wewe umetoka wapi, mzee? Sijaona gari."

"Nimeiona nyumba yako kutoka dirisha la basi."

"Kwa basi? Haki ya Mungu, wewe ni wa kwanza kuniambia ukweli. Wengine wanakuja na magari makubwa, halafu wananitoza bei ya gari lao."

Nikapima geti lake siku ileile. Na si hilo tu. Tangu ninunue kadi, goti langu la kulia, lililokuwa linauma kwa kukanyaga breki kwenye miteremko, limenyamaza. Wagonjwa ambao zamani nilikuwa nasema nitawaona kesho, niliwaona, kwa sababu safari ilishalipiwa na mtu kama mimi hawezi kuona kitu alicholipia kinalala bure. Nilikuwa napanda hata Jumapili. Nilikuwa napanda kwenda kusema salamu tu. Miezi ile niliwajua jamaa zangu upya.

Haya ndiyo mambo ambayo yule muuza matairi aliyapa pole.

Na pole, ikishatolewa mbele ya watu, hairudi nyumbani. Ilitembea. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, wanaume walinishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mmoja alinigongagonga bega akasema subira ni dawa. Muuza vyuma ninayenunua kwake tangu ndevu zangu zilipokuwa nyeusi akanisogeza pembeni na kuniuliza, kwa upole, kama karakana bado inafanya kazi. Bado inafanya kazi! Masikio yake yalikuwa hayasikii nyundo?

Halafu ikaja sukari. Jirani yetu, mwanamke mwema, sina neno naye, alikuja jioni na kilo mbili za sukari na majani ya chai, akaviweka mezani kimya, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Hivyo ndivyo tunavyofanya kwenye nyumba iliyofiwa. Mke wangu alimtazama, akanitazama mimi.

"Nani amekufa?" nikauliza.

"Hapana, baba," jirani akasema, anaona haya. "Tumesikia tu mambo si mazuri."

Nilichukua ile sukari nikairudisha kwake mwenyewe, nikiwa nimeishika juu ya mkono kama sinia, mtaa mzima uone. Mke wangu akaniambia nimefanya vibaya. Labda. Lakini sukari ya msiba haikai kwenye nyumba yangu nikiwa hai.

Ndipo bamwana akaja. Alikuja Jumamosi mchana, amevaa kanzu iliyonyooshwa, na nyuma yake kijana mwenyewe, mchumba wa binti yangu, kichwa chini. Kijana huyo simlaumu. Ana adabu, anafanya kazi ya mabomba ya maji, mikono yake ina makovu, na mimi mtu mwenye makovu mikononi namwamini kabla hajasema kitu. Mke wangu akaleta chai. Binti yangu alibaki chumbani, kama inavyotakiwa, lakini mlango wa chumba ulikuwa haujafungwa vizuri.

Bamwana akanywa, akasifu chai, akasifu nyumba, akauliza habari za watu asiowajua. Halafu akasema, "Bamwana, sisi ni watu wa familia sasa. Hatufichani. Hatutaki kukubebesha mzigo kipindi hiki."

"Kipindi gani?"

"Hiki kipindi." Akazungusha mkono hewani. "Tunaweza kusogeza harusi mbele. Mwaka ujao, Mungu akipenda, mambo yatakuwa yamekaa sawa. Au tukiacha siku ileile, basi mimi mwenyewe ntatoa gari. Na dereva. Wewe unakaa nyuma na mama, mnafika msikitini vizuri. Watu wangu wanatoka Bujumbura, wengine Goma. Haipendezi wamuone baba wa bibi harusi anashuka kwenye basi, na kadi mkononi kama mtoto wa shule."

Nilimtazama. Nilihisi damu inapanda kama joto la mashine ikishawashwa.

"Bamwana," nikasema, "geti ulilopita kuingia hapa nimelitengeneza mimi. Litumie kutoka."

"Mzee, ntakuwa nimekukosea?"

"Litumie kutoka."

Akainuka. Alikuwa na hasira yake pia, lakini ya watu wa matairi, inazunguka bila kelele. Mlangoni akasema, "Basi tutaona." Kijana akanitazama mara moja, akamfuata. Angefanya nini? Yule mzee ndiye aliyemlisha.

Kwetu, upande wa mwanamume wakisema tutaona halafu wakanyamaza, hilo ni jibu. Hawatumi ujumbe wa kuvunja posa. Wananyamaza tu, mpaka mchele unaoza na watu wanaacha kukuuliza. Wiki ikapita, simu yao haikuja. Binti yangu, ambaye anafanya kazi kwenye duka la dawa, alikuwa anarudi kazini, anasalimia, anaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi, analala. Nguo yake ya harusi ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango wa chumba, imefunikwa na shuka. Kila nikipita naiona ile shuka. Mtoto hakunilaumu kwa neno moja. Angenilaumu ningejua la kujibu, maana kujibu najua.

Mke wangu ndiye aliyesema. "Kadi yako ina mwaka mmoja. Huyu mtoto ana ndoa moja."

"Kwa hiyo niombe msamaha kwa kupanda basi?"

"Sijasema uombe msamaha. Nimesema hesabu."

Hasira ikanipeleka mahali ambapo akili isingefika. Niliamua kwenda kwa yule mzee nyumbani kwake, nimweleze uso kwa uso, mwanamume kwa mwanamume, kwamba sijafilisika, kwamba nina kazi kuliko mikono, kwamba gari niliuza kwa kupenda. Mke wangu aliposikia akashika kichwa. "Baba wa binti hafuati! Wewe, umesahau? Wao ndio wanakuja. Sisi tunakaa. Ukienda, wataona unawapelekea mtoto kwenye sinia."

Nilijua. Nani asiyejua? Hata waliosoma Ulaya wanajua. Lakini nilikuwa nimeshavaa koti.

Nilikwenda kwa basi, bila shaka. Nilishuka, nikapanda kilima, nikapiga hodi kwenye geti lake (bawaba zinalia, nililisikia hilo kabla sijafika). Msichana wa kazi akafungua, akatazama nyuma yangu kutafuta watu wengine. Hakuwapo mtu.

Ndani wanawake wa nyumba ile walinipokea kwa upole mno, na upole ule ulinitia wasiwasi. Waliniletea chakula kabla hata sijaulizwa habari. Wali, nyama, ndizi, maziwa. Kila nikisema nimeshiba wanasema kula baba, kula. Mmoja akafunga mlango wa sebule taratibu ili watoto wasione. Ndipo nilipoelewa. Kwao, baba wa binti akija peke yake, bila kuitwa, bila kaka, bila mshenga, amekuja kwa shida. Amekuja kuomba. Walikuwa wananilisha kama mwenye njaa.

Bamwana akaingia, akakaa, akanishika goti. "Bamwana. Umefanya vizuri kuja. Mwenye shida hafichi."

"Sina shida!"

"Ndiyo, ndiyo."

"Nina kazi mpaka mwezi wa mwisho. Nina geti la ghorofa Kimihurura. Gari niliuza kwa sababu ni bora kupanda basi. Kadi hii ni ya mwaka, napanda wakati wowote, nashuka popote, ndiyo inayonipa wateja, unaelewa?" Nikaitoa mfukoni, nikaiweka juu ya meza, kati ya sahani.

Akaichukua kwa vidole viwili. Akaigeuza. Akaisogeza kwenye mwanga.

"Hii," akauliza, "si ile ya wanafunzi?"

Wallahi, mimi nimeungua kwa cheche, nimeangukiwa na bomba mguuni, nimedhulumiwa na watu wenye vyeo. Hakuna kilichowahi kuniuma kama swali lile, kwa sababu hakuwa ananitania. Alikuwa anauliza kweli. Nilifoka. Sikumbuki yote niliyosema, nakumbuka tu sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko chumba, na wale wanawake walikuwa wamesimama mlangoni, wananionea huruma. Nikachukua kadi yangu, nikatoka. Nyuma yangu nilimsikia akiwaambia, "Muacheni. Mtu akiishiwa anakuwa hivyo."

Ndiyo faida niliyoipata kwa kuvunja mila. Kesho yake mji mzima ulikuwa unajua kwamba nimekwenda mwenyewe, kwa miguu, nikala, nikalia. Sikulia! Lakini ukishasema hukulia, mtu anajua ulilia.

Binti yangu akaja karakana mchana, jambo ambalo hafanyi kamwe. Akasimama mbali na cheche, mikono kifuani. Nikazima mashine.

"Baba, umekwenda kule?"

"Nimekwenda."

"Ukasema nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza yote, hata habari ya wanafunzi. Nilidhani atacheka au atalia. Akasema, "Baba, wewe na yule mzee mko kitu kimoja. Yeye hataki uje na basi. Wewe hutaki kuja bila basi. Mimi naolewa na mtu wa mabomba, anatembea kwa moto, hizi pikipiki za kukodi. Hakuna aliyeniuliza mimi nataka kupanda nini."

"Unataka kupanda nini?"

"Sitaki kupanda kitu. Nataka kufika."

Akarudi dukani kwake. Nilimkasirikia siku nzima, kwa sababu alisema kwa sauti ya chini, na mafundi wangu wote walisikia.

Siku chache baadaye akaja kijana, peke yake. Hakupita nyumbani, alinifuata kazini. Akanisaidia kushika bomba nililokuwa nakata, bila kuombwa, akalishika inavyotakiwa. Nilipomaliza akasema, "Baba, nimeamua. Tufunge ndoa siku ileile tuliyopanga. Mzee wangu anasema haji kama wewe hutaki gari. Basi asije. Nitakuja na marafiki zangu wawili watatu. Nitatafuta mtu wa kunisemea mbele ya wazee wenu."

"Wa kukusemea utamtoa wapi?"

"Nitamkodi. Wapo wanaofanya kazi hiyo."

Alisema kijasiri. Na mimi nilitakiwa nifurahi, maana nimeshinda, sivyo? Yule muuza matairi abaki kwake na gari lake jeupe, na mtoto anaolewa. Lakini nilijikuta nimekaa chini juu ya rundo la vyuma.

Kwa sababu mimi ndivyo nilivyooa. Nilimkodi mtu wa kunisemea. Alikuwa hodari, alitaja mababu zangu kwa majina ambayo aliyatunga njiani, na watu wakapiga makofi. Upande wa mke wangu walikuwa wamejaa mpaka uani. Upande wangu viti vilikuwa vitupu, na wenye nyumba walikuja kuvijaza kwa huruma, watoto wao na wapishi. Najisifu kwamba nimejitengeneza mwenyewe, na nitajisifu mpaka nife, kwa sababu ni kweli. Lakini siku ile nilipogeuka kutazama nyuma hapakuwa na mtu wangu, na mgongo wangu ulipata baridi ambayo makoti yote niliyonunua baadaye hayajaitoa.

Kijana huyu ana mtu. Mjinga, mwenye majivuno, mwenye bawaba zinazolia, lakini mtu wake. Na alikuwa tayari kumuacha kwa ajili ya kadi yangu ya basi.

"Nenda kamwambie baba yako mkubwa," nikasema, "alete gari lake."

"Baba?"

"Umenisikia. Na aje mwenyewe, nisiletewe dereva. Nenda kabla sijabadili mawazo."

Si kwamba nilishindwa. Anayetaka kusema nilishindwa aje aniambie karakana, mashine ikiwa imewashwa.

Siku ya harusi gari jeupe lilisimama mbele ya geti langu, limeoshwa mpaka linakera. Bamwana akashuka, akanifungulia mlango wa nyuma, mbele ya mtaa mzima, mbele ya jirani wa sukari. Nikaingia. Mke wangu akaingia. Viti vilikuwa vya ngozi, vinanata. Njia nzima alikuwa anaongea: gari hili lina hiki, gari hili lina kile, kiti kinapashwa moto. Kigali, nani anahitaji kiti cha moto? Mke wangu alikuwa ameniwekea mkono juu ya mkono, si kwa mapenzi, kwa kunizuia. Tulipofika msikitini wageni wa Bujumbura na Goma walinipokea kwa mikono miwili, na nilijua kabisa wanasalimiana na gari.

Shehe akauliza, mimi nikajibu. Maneno ya kumuozesha mtoto ni mafupi. Nilikuwa nimeyarudia wiki nzima nikidhani yatatoka kwa nguvu, kama nilivyozoea kusema. Yalitoka membamba. Kijana akayapokea, na bega kwa bega naye alikaa yule mzee wa matairi, anafuta macho kwa kanzu yake iliyonyooshwa, analia waziwazi kama mtoto. Nilimkasirikia kwa hilo pia. Alikuwa ameniachia nini cha kumchukia siku ile?

Jioni, watu walipokwisha kula na bibi harusi kuondoka, hakuna aliyekumbuka kwamba mimi na mke wangu tulikuja na gari la mtu. Bamwana alikuwa amezungukwa na wageni wake, anawapeleka huku na huku. Sikumngoja aniombe radhi. Tulitembea mpaka kituoni na nguo zetu za harusi. Nikagusa kadi. Ya kwangu haibebi watu wawili, kwa hiyo mke wangu akalipa nauli yake kutoka kwenye mkoba, akiguna. Akakaa, akavua viatu, akaviweka mapajani. Alilia kidogo, akaacha.

"Mtoto atakaa mbali sana kule Kabuga," akasema.

Nikamwambia si mbali.

"Mila inasema tusubiri mpaka watualike."

Mila nilishaivunja mara moja, na ikaniuma. Vikapita vituo kadhaa. Halafu nikamwambia, kwa sauti ya mtu ambaye bado ana hasira na ana haki ya kuwa nayo, ni basi gani linalofika Kabuga, na tunabadilishia wapi, na upande gani akae ili jua la asubuhi lisimpige usoni.